Waya Juu ya Paa: Namna ya Kupata Redio Vizuri Nyumbani

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia alinipa uhuru wa kuchagua mada, akaongeza masharti mawili tu: nisizungumzie siasa, na nisiombe mchango kabla ya chakula. Nitayatii yote mawili. Nitazungumza juu ya waya: waya wa kawaida wa shaba, unaofungwa juu ya nyumba ili redio isikike.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi si fundi redio. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada na mikutano. Fizikia niliianza katika chumba kile pale chenye dirisha lililovunjika (naona bado limevunjika), nikaendelea nayo Chuo Kikuu. Lakini antena yangu ya kwanza haikutokana na somo. Ilitokana na msiba, na afadhali nianze na habari hiyo.

Ilikuwa Desemba 1995. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza, nikarudi nyumbani likizo. Mwaka ule korosho zilikubali, na baba alifanya jambo alilolitamani siku nyingi: aling'oa nyasi akaezeka mabati. Sote tulifurahi. Ila tangu siku ile redio yetu iligoma kusema vizuri ndani ya nyumba. Baba akawa anaichukua jioni kwenda kukaa nayo chini ya mkorosho, na sisi tukamfuata.

Usiku mmoja mvua ilinyesha, kwa hiyo redio ilibaki ndani. Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalivyosikilizwa. Watu walinyamaza, hata watoto. Simu hazikuwapo, barua ilichukua wiki. Msiba ulitufikia kwa redio. Basi usiku ule msomaji alisoma tangazo, redio ikakoroma, kisha katikati ya mkoromo tukasikia neno moja safi kabisa: "Makote." Baada ya hapo ni kelele tupu. Mama alisimama. Baba aliigeuza redio huku na huku, akaipigapiga ubavuni, akaitoa hadi barazani kwenye mvua. Tangazo lilikuwa limekwisha.

Tulijua kwamba mtu wa Makote amefiwa. Hatukujua ni nani. Siku tatu mama alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna aliyesikia. Siku ya tatu mtu mmoja alirudi kutoka soko la Kitangari, akaja moja kwa moja kwetu, akasema, "Poleni na msiba." Aliyefariki ni mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mabati yamenikosesha dada yangu." Neno lile nililisikia mimi, na liliniuma, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba na sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo ninalotaka kuwapa leo.

BATI NA MAWIMBI

Redio hupokea mawimbi ya sumakuumeme. Mawimbi hayo hupita katika nyasi, udongo mkavu na mbao kwa urahisi, lakini yakikuta bati hurudishwa, kama mwanga unavyorudishwa na kioo. Nyumba ya bati ni kama sufuria iliyofunikwa. Mawimbi yanayoingia ni yale machache yanayopenya dirishani na mlangoni.

Sisi wa uwanda huu tulikuwa na sababu ya pili. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo mawimbi ya masafa mafupi hayaji yakitambaa ardhini. Hupanda juu, hufika kwenye tabaka za anga zenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, kisha hurudishwa chini. Kwa hiyo yalikuwa yakitujia kutoka juu, karibu kama mvua. Na juu ndiko tulikoweka bati! Nyasi zilikuwa zikivuja maji na mawimbi. Bati likazuia vyote viwili.

Hapo mtaelewa kwa nini wazee wetu wa nyumba za nyasi walisikia mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, Taasisi ya Utangazaji Tanzania mwaka 2002, na TBC mwaka 2007. Kati ya 1964 na 1974, vita vya ukombozi vilipokuwa ng'ambo ya Ruvuma, FRELIMO ilitangaza kwa Kireno na lugha za Msumbiji kupitia mitambo ya Dar es Salaam, na watu wa huku kwetu walifuatilia habari za ndugu zao wa upande wa pili kwa redio ndogo za betri. Mwaka 1973 vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya vilikaa chini ya miti nchi nzima kusikiliza vipindi vya kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Redio ilikuwa darasa, na darasa lile halikuwa na paa.

AINA TATU ZA MAWIMBI

Kabla hujapanda juu na waya, jua kwanza unatafuta nini. Wengi hushindwa kwa sababu hutumia dawa moja kwa magonjwa matatu.

La kwanza ni masafa ya kati. Mchana husafiri ardhini. Usiku hurudishwa na anga na kufika mbali sana, ndiyo maana usiku hupata stesheni ambazo mchana hazipo. Antena ya masafa haya imo ndani ya redio yenyewe: ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba. Kurefusha ile antena ya kuvuta juu ya redio hakusaidii hata kidogo. Kinachosaidia ni kuizungusha redio yenyewe mezani. Sauti itapanda na kushuka; iache pale inapopanda. Ukitaka zaidi, chukua waya mrefu wa nje, uuzungushe mara tano hadi kumi kwenye kasha la redio upande wa kijiti, kisha ncha yake uifunge kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Waya haugusi kitu ndani ya redio, lakini kijiti kitausikia.

La pili ni masafa mafupi. Haya hutumia antena ya kuvuta, na ndiyo yanayonufaika zaidi na waya mrefu. Kumbuka kanuni moja: mchana tafuta bendi za mita ndogo, kama 25, 19 na 16, usiku tafuta za mita kubwa, kama 49 na 60. Kwa nini? Kwa sababu mchana jua hutengeneza tabaka la chini linalomeza mawimbi marefu, na usiku tabaka hilo hutoweka.

La tatu ni FM, ambayo vijana ndiyo mnayoijua. FM husafiri karibu kama macho yanavyoona. Mlima ukisimama katikati, umekosa. Wenzetu wa Masasi wana vilima vya mawe vilivyozunguka mji, na aliye nyuma ya jiwe hukosa stesheni ambayo jirani yake wa hatua 200 anaipata. Wa Newala, kinyume chake, wamepewa mlingoti wa bure: ukingo wa uwanda unaotazama bonde la Ruvuma. Aliye ukingoni huona mbali na husikia mbali. Aliye bondeni chini ya ukingo amezibwa na uwanda wenyewe.

Ipo hesabu ya kukadiria. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha mlingoti wa stesheni kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Mlingoti wa mita 100 na antena ya mita 1 ni kama kilomita 45 katika nchi tambarare. Ukiinua antena hadi mita 9, unapata kama kilomita 53 na nusu. Kilomita nane na ushee zinaweza kuonekana kidogo, lakini pia umepita juu ya mikorosho na mapaa ya majirani, na hiyo ndiyo faida kubwa zaidi.

KUTENGENEZA ANTENA

Kwa masafa mafupi, tafuta waya wa shaba wa mita 15 au zaidi. Uvute kati ya nguzo mbili kwa kimo cha mita 5 hadi 8, mbali na bati kadiri uwezavyo. Kila ncha ya waya isifungwe moja kwa moja kwenye nguzo. Weka kati yake kipande cha plastiki ngumu na kamba ya nailoni, umeme usivujie kwenye mti uliolowa. Kutoka ncha moja shusha waya wenye ganda, uingie dirishani, ufungwe kwa kibanio kwenye antena ya redio. Palipo na kiungo, kwangua shaba ing'ae, sokota, lehemu kwa risasi ukiweza, kisha ufunge kwa plasta ya umeme. Kiungo chenye kutu ni sawa na waya uliokatika. Usiurefushe kupita kiasi: redio ndogo ikilishwa kupita uwezo wake huchanganya stesheni tatu mahali pamoja. Ikitokea hivyo, punguza.

Kwa FM, waya mrefu hauna maana. Kinachotakiwa ni kipimo. Gawa 7,100 kwa namba ya stesheni unayoitaka, jibu ni urefu wa mkono mmoja wa antena kwa sentimita. Stesheni ya 95 inataka sentimita 75. Ya 100 inataka 71. Ya 105 inataka karibu 68. Kata vipande viwili vya waya mnene au bomba jembamba la alumini, uvifunge kwenye fito kavu vikitazamana ncha kwa ncha bila kugusana. Chukua kebo ya televisheni: waya wa kati uunge na mkono mmoja, wavu wa nje uunge na mkono wa pili. Huku chini, waya wa kati uende kwenye antena ya redio, na wavu, kwa redio ya betri, uguse ncha hasi ya betri. Inua fito juu ya mlingoti, kisha mtu mmoja aizungushe taratibu huku mwingine akisikiliza. Antena hii husikia ubavuni, si nchani. Kwa hiyo ubavu wake ndio uitazame stesheni. Jaribu kuilaza, kisha kuisimamisha, kwani stesheni hazirushi mawimbi kwa namna moja.

Na asiye na waya wala mlingoti? Aiweke redio dirishani, upande wa stesheni. Kijana mwenye redio ya simu ajue kwamba waya wa visikizio ndio antena yake. Akiukunja mfukoni ameikunja antena.

Lipo tatizo jingine ambalo wakati wetu halikuwapo. Umeme umefika vijijini, na umekuja na taa za bei rahisi, chaja za simu na vifaa vya sola. Vingi vya hivi hutoa kelele inayoziba masafa ya kati na masafa mafupi. Ukisikia mvumo usiokoma, usiilaumu antena kwanza. Tia redio betri, zima kila kitu ndani ya nyumba, kisha washa kimoja kimoja. Mkosaji atajitaja mwenyewe.

RADI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, Ndugu Mwenyekiti, sijawahi kulisema hadharani.

Baada ya msiba ule nilifunga waya nyumbani. Redio ikasema, baba akafurahi, nami nikajiona bingwa. Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, nilileta ubingwa huo bwenini. Nilivuta waya kutoka dirishani hadi kwenye kilele cha mwembe uliokuwa nyuma ya bweni. Tulisikiliza mpira na muziki kila usiku, na bweni zima likaniita fundi. Kisha mvua zikaanza. Jioni moja radi ilipiga mwembe ule. Ilifuata waya hadi ndani, redio ikapasuka vipande, na mwenzetu aliyekuwa amelala jirani nayo akatupwa chini. Tulidhani amekufa. Alizinduka, lakini sikio lake moja halijasikia hadi leo.

Kabla mwalimu wa zamu hajafika tulikwisha kuukata waya na kuutupa vichakani. Tukasema radi imepita dirishani. Walimu wakaamini, au walituhurumia. Mimi ndiye niliyefunga waya ule, na hakuna aliyenituma. Yule mwenzetu nimekwisha kumwomba radhi, naye ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje jina. Nawaomba radhi na walimu wetu wa wakati ule.

Sisemi haya ili kuwatisha mwache waya. Nasema ili mjue kilichokosekana. Nilifunga waya kwenye mti mrefu kuliko yote, sikuweka waya wa kuingia ardhini, na mvua ilipoanza kunguruma sikuuchomoa. Makosa matatu, na lolote kati yake lingetosha kuua.

Basi shikeni haya. Usifunge antena kwenye mti ulio mrefu kuliko yote. Na mlingoti wako uwe mbali na nyaya za umeme kwa zaidi ya kimo chake chote, ili ukianguka usiziguse. Usiunganishe redio na mabati ya paa, ingawa huvuta mawimbi, kwani yakiingiwa na umeme wa nyumba, au radi, nawe utaingiwa. Zika fimbo ya chuma kisichoshika kutu, urefu wa mita moja na nusu au mbili, nje ya dirisha. Mchanga wa uwanda wetu ni mkavu na haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo izike mahali panapomwagwa maji, kama karibu na bafu. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya kwenye redio na uufunge kwenye fimbo hiyo, huko nje, mapema. Fimbo hupunguza hatari; haiiondoi. Ukiona mwanga wa radi, hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kama kilomita 10, na hapo usiguse waya tena. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

KWA NINI TUJISUMBUE

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi, "Mheshimiwa, haya yote ya nini, na simu tunazo?" Swali zuri. Mimi mwenyewe habari nyingi nazipata kwa simu. Lakini tukumbuke mambo mawili.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea Mtwara. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza, watu wakatahadhari, nacho tarehe 25 kikaingia upande wa Cabo Delgado, kwa majirani zetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipata hitilafu, na nchi nyingi za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikabaki na intaneti ya kusuasua au bila kabisa. Haya mawili hayakuhusiana. Lakini piga picha yangekutana siku moja: barabara imekatika, intaneti imelala, umeme umezimika, chaji ya simu imekwisha, na kimbunga kingine kiko baharini. Redio ya betri mbili na waya wa mita 15 ndivyo vitakavyobaki.

La pili ni la kila siku. Kwa mkulima wa korosho, kujua kama mvua itanyesha kesho baada ya kupuliza salfa leo ni fedha. Kujua bei ya mnada uliopita kabla hajaletewa maneno na mtu wa kati ni fedha pia. Wengi wa wazee wetu hawana simu za kisasa. Wana redio, na redio imefunikwa na bati.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana ni hili. Mtakaporudi likizo, chukueni mita 15 za waya, fimbo ya chuma na koleo, mkamfungie antena mzee mmoja, nanyi mkae naye hadi ajue kuichomoa mvua inapokuja. Kwa wenzangu wa zamani, naomba tuchange (Katibu, chakula tumekwisha kula) tununue waya huo na fimbo hizo kwa ajili ya vijana wa kidato cha tatu na cha nne mwaka huu. Mimi naanza na waya wa antena kumi.

Mama yangu bado yu hai. Redio yake iko mezani, na waya wake hupita juu ya bati lile lile la mwaka 1995, ambalo sasa limeshika kutu. Kila mvua ikinukia huuchomoa mwenyewe, bila kuambiwa.